Mtungi wa Mama Mkwe

Wekoye hakuwahi kutia dizeli katika trekta lake bila kuipitisha kwanza kwenye chupa ya soda. Hiyo ilikuwa tabia yake, na watu wa Saboti waliicheka mpaka wakachoka. Hata kama umenunua mafuta mbele ya macho yake, atatoa ile chupa nyeupe kwenye boksi la spana, aijaze, aiinue juani, afumbe jicho moja na kusubiri. Kama kuna maji, yatashuka chini yajitenge. Kama mtu amechanganya mafuta ya taa, pua itamwambia. Akisharidhika anachuja kwa kitambaa cha mkewe kilichochakaa, ndipo anamimina. "Huyu anaonja dizeli kama mlevi anaonja busaa," walimtania. Yeye alitabasamu tu, na trekta lake lilinguruma msimu baada ya msimu huku ya wenzake yakilala gereji.

Kwa hiyo msije mkamdhania mjinga. Ya kumpata yalimpata siku moja tu maishani, na siku hiyo kilichomponza hakikuwa ujinga. Wanasema heshima si utumwa. Mimi nimemwona Wekoye baada ya mambo haya, na siku hizi methali hiyo nikiisikia nanyamaza.

Alizaliwa upande wa Kimilili, katika boma lenye shamba dogo na midomo mingi. Alipomaliza darasa la nane alipanda Saboti kutafuta kibarua, akapokelewa na Mzee Kipkosgei, mkulima wa mahindi aliyekuwa na trekta jekundu na hasira za karibu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa juu ya plau. Hakuna zaidi. Visahani vyake vya kukatia udongo vilikuwa vyepesi, ardhi ngumu, basi kijana alipandishwa pale juu awe uzito, asubuhi mpaka jioni, vumbi likimjaa masikioni. Wengine hufunga jiwe. Mzee Kipkosgei alisema jiwe haliwezi kushuka kufungua geti.

Kutoka kwenye plau alipanda kiti cha dereva, na hapo alikaa mpaka ndevu zikaanza mvi. Mzee alipozeeka, wanawe wote walikuwa Eldoret na Nairobi, hakuna aliyetaka kusikia habari za matope. Siku moja aliwaita nyumbani, akamwita na Wekoye, akasema mbele yao, "Hii trekta ni ya Wekoye. Mimi nimekula jasho yake, na yeye akule chuma yangu. Mwenye ako na neno aseme sasa, asingoje nikufe." Hakuna aliyesema neno. Mzee akazikwa kabla mahindi ya mwaka ule hayajatoa mbelewele.

Basi Wekoye akawa mtu. Alinunua mashine ya kupukuchua mahindi, ile inayozungushwa na trekta, akawa anazunguka nayo kutoka shamba hadi shamba wakati wa mavuno, na kulima wakati wa kupanda. Trekta alilijengea banda la mabati kabla hajamalizia jiko la nyumbani. Mkewe, Nabwile, alilalamika bila kuchoka. "Baba Nasambu, trekta inalala kwa mabati, mimi napikia kwa mvua. Si ungeoa hiyo trekta tu?" Wekoye alikuwa akicheka, lakini mabati aliyaacha yalipokuwa. Kiti cha trekta kilikuwa kimepasuka, amekifunika gunia, na gunia lile lilikuwa limechukua umbo la makalio yake. Mwingine akikalia alijihisi amekaa kwa mtu.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe, maana bila hiyo mtamlaumu Wekoye bure.

Mama yake Nabwile alikuwa mjane, akiishi Naitiri na mwanawe Wepukhulu. Sisi Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaitani majina, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwa majani mwingine apite. Siku hizi wako walioyaacha haya, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja, lakini mama huyu alikuwa wa kale na Wekoye alimheshimu hivyo hivyo alivyo. Tangu amwoe Nabwile, alikuwa hajawahi kuuona uso wa mama yule vizuri. Alimjua kwa leso, kwa kikohozi, na kwa ng'ombe. Ndiyo, kwa ng'ombe. Mama akitaka mkwewe asikie neno, alimwambia ng'ombe wake kwa sauti. "Wewe ng'ombe, kwani wageni watarara njaa hapa kwangu?" Na Wekoye aliyeko chini ya mti wa parachichi alijua chakula kinakuja. Alimpenda sana mama yule. Hilo nalisema wazi, kwa sababu ndilo lililouma.

Mwaka ule mvua ilikataa kwenda. Mahindi yalivunwa, na mawingu bado yanashuka kutoka mlima Elgon kila alasiri. Mjane alikuwa ameanika mahindi yake, yangali kwenye magunzi, juu ya turubai, anayafunika, anayafunua, na punje zimeanza kuota ukungu mweusi. Yakikaa hivyo wiki nyingine yangekuwa ya kulisha nguruwe. Neno likaja kwa Nabwile: mwambie baba watoto atusaidie.

Kazi ya ukweni haina bei. Mkwe analeta mashine na mgongo wake, wenye boma wanaleta chakula na mafuta, basi. Wekoye akaliingiza trekta uani Naitiri tangi likiwa karibu kukauka, kama inavyotakiwa, kwa kuwa ukienda ukweni na tangi limejaa ni kana kwamba unawaambia hawawezi kukushibisha. Wepukhulu akaja akiburuta mtungi wa manjano, ule wa mafuta ya kupikia, umejaa hadi shingoni.

"Shemeji, hii ni ya mama," alisema. "Amekusanya tangu tupande. Akiuza maziwa, anatuma kidogo, anaongeza. Ati hataki ukuje kwake tena utoe mafuta kwa mfuko yako."

Mtungi haukuwa na kifuniko. Mdomo ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mahindi, gunzi limefura, limekuwa jeusi, na chini ya paa la ghala, pale ulipokuwa umesimama tangu upanzi, kulikuwa na alama ya maji yaliyodondoka kutoka kwenye mabati.

Wekoye aliyaona yote mawili. Mkono wake ulienda kwenye boksi la spana wenyewe, ukaigusa chupa ya soda. Kisha akainua macho kidogo, akaona mlango wa jikoni umeachwa wazi upenyo, na kwenye upenyo kuna pindo la leso. Mama alikuwa anatazama. Miezi yote ile ya kujinyima maziwa ilikuwa inatazama kutoka kwenye upenyo ule, ikingoja kuona mkwe atakavyoipokea.

Kuonja dizeli ya mama mkwe mbele yake! Ni sawa na kunusa ugali wake kabla ya kula. Ni kumwambia, mama, mikono yako naishuku. Alifikiria kumwita Nabwile, lakini Nabwile alikuwa huko huko jikoni na mama yake, na angemwambia nini? Wepukhulu alikuwa amesimama anatabasamu, anajivunia mamaye. Wekoye akaiachilia chupa. Hata kile kitambaa cha kuchujia hakukitoa. Akang'oa gunzi, akaunyanyua mtungi kwa mikono miwili ili ionekane heshima, akamimina mpaka tone la mwisho, maana kumrudishia mama mkwe masazo nako ni aibu.

Trekta liliwaka vizuri. Mafuta ya zamani yalikuwa bado kwenye mipira ya kupitishia dizeli. Mashine ikaanza kula magunzi na kutema punje, majirani wakashika magunia, akina mama wakapiga kigelegele, na kwa muda Wekoye alijiambia kwamba Mungu huwalinda wenye adabu.

Kisha injini ikakohoa.

Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashuka nguvu, ikajikokota kurudi. Wekoye akazima upesi, akachutama kando, akafungua kikombe cha chujio. Maji yalimwagika chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na vipande vya gunzi vikielea ndani yake. Alikaa pale ameziba kwa mgongo wake ili wa jikoni wasione. Alijua la kufanya. Mtu yeyote wa trekta anajua. Unafungua tangi, unamwaga kila kitu, unaosha, unatia mafuta mapya, ndipo unawasha.

Lakini kumwaga tangi uani pale kulikuwa kumwaga maziwa ya mjane ardhini, mbele ya macho yake na ya majirani wake wote. Na Elgon kulishakuwa kweusi, upepo wa mvua umeanza kuinua kingo za turubai, na mahindi nusu yalikuwa bado kwenye magunzi. Akamwaga kile kikombe tu. Akakirudisha, akatoa hewa kwenye mipira, akawasha. Ikagonga. Alisikia kule kugonga, kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo, na badala ya kuzima akaongeza moto, akiomba kimoyomoyo, kidogo tu, mama, kidogo tu tumalize.

Hakumaliza. Injini ililia mara moja, kitu kikapasuka, na chuma kikatoboa ubavu wake kikatokea nje. Oili nyeusi ilitiririka kwenye udongo, ikafika kwenye turubai, ikaingia kwenye mahindi. Halafu kimya. Mtu akasema "Yesu!" Mvua ikaanza kunyesha.

Watu walikimbia kuokoa punje. Nabwile alimkimbilia mumewe, akamkuta amesimama ameshika usukani kutoka chini, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

"Baba Nasambu, ni nini?"

"Imezeeka," alisema. "Ilikuwa tu siku yake."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na aliushikilia. Angemwambia mkewe, mkewe angeubeba mpaka kwa mamaye, na mjane yule angeishi akijua kwamba upendo wake ndio uliovunja nyumba ya binti yake. Afadhali trekta life kwa uzee. Jioni ile jikoni hakukusikika neno lolote. Hata ng'ombe hakuambiwa kitu.

Lilivutwa hadi Saboti kwa mnyororo, nyuma ya trekta la Kigen, kijana tajiri wa jirani. Wekoye akaifungua pampu na noseli za kunyunyizia mafuta, akazifunga kwa gunia, akazipeleka Kitale kwa Kipngetich, fundi wa pampu. Kipngetich hakuchukua muda. Alizifungua, akazigeuza, akamwonyesha kutu na ncha ya noseli iliyokatika.

"Mzee, hii ilikunywa maji. Hii ncha ilikatika ikaanguka ndani, ikavunja pistoni. Pampu naweza kujaribu, lakini kama ubavu umetoboka, hakuna pampu itakusaidia. Nani alikuuzia mafuta?"

Wekoye akaanza kuvikusanya vyuma kwenye gunia.

"Sema ni petroli stesheni gani, bana. Si unaenda tu kuwashtaki? Wanauzia watu maji halafu wanajenga maghorofa. Watakulipa hata injini."

"Sikumbuki," Wekoye alisema.

Fundi alimtazama kwa hasira ya mtu anayetaka kusaidia asiyetaka kusaidiwa. "Hukumbuki? Mtu alikuua na hukumbuki?"

Alitoka pale ameinamisha kichwa. Ni jambo zito, jamani, kudhulumiwa na mwizi, lakini mwizi unaweza kumlaani. Wekoye hakuwa na wa kumlaani. Kila alipotafuta uso wa adui wake aliona pindo la leso na mama mzee anayehesabu vikombe vya maziwa.

Alibakiwa na tumaini moja: apate injini nyingine kuukuu. Wakamwambia Bungoma kuna watu wa vyuma vikuukuu wanaopata kila kitu. Akashuka Bungoma, akazunguka kwenye yadi zao juani, anauliza, anaonyesha picha kwenye simu. Mmoja aliicheka ile picha, si kwa ubaya.

"Hii hata babu yangu aliiacha," alisema. "Injini yake hupati. Wewe niretee hiyo yako mzima nikupimie kwa kiro."

Kwa kilo! Trekta lililomtoa kwenye plau, lililosomesha watoto, lililovunja ardhi ya nusu ya Saboti, lipimwe kama mifupa buchani. Wekoye alikaa kwenye jiwe nje ya yadi ile, akalia. Hakujificha. Watu walipita, wakadhani amefiwa, mama mmoja akamwambia pole. Akaitikia asante, kwa sababu ilikuwa pole ya haki.

Akakataa kuuza. Akakaa nalo Krismasi yote, anafungua mlango wa banda asubuhi, anafuta vumbi, anafunga. Wateja wakahamia kwa Kigen, na nani atawalaumu, mahindi hayangoji msiba wa mtu. Wenye ndimi wakasema, "Daktari wa dizeli ameua mgonjwa wake mwenyewe." Walikuwa wanatania. Hawakujua walivyolenga.

Mwezi wa kwanza ukafika, mtoto wao Nasambu akaitwa shule ya bweni, na nyumbani hakukuwa na kitu cha kushika. Lori likaja kutoka Bungoma. Trekta lilikuwa zito kulipakia likiwa zima, basi wakalikata kwa gesi pale pale uani, gurudumu huku, shingo kule. Wekoye alitembea mpaka mtoni akakaa huko mpaka sauti zikaisha. Aliporudi, banda lilikuwa tupu, na juu ya udongo wenye oili wamemwachia gunia la kiti. Mzee Kipkosgei alisema atakula chuma chake. Basi akawa amekila.

"Sasa una mabati," alimwambia Nabwile siku ile. "Hamisha jiko."

Nabwile alitikisa kichwa. Akaendelea kupikia kwenye mvua.

Msimu wa kulima ulipoanza Kigen alimpa kazi ya kufunga na kufungua plau. Siku ya kwanza ardhi ilikuwa kavu, visahani vinateleza juu juu. Kigen akasimamisha trekta, akaangalia huku na huku akitafuta jiwe. Wekoye hakungoja kuambiwa. Alipanda juu ya plau, akakaa, akashika chuma, akasema, "Twende." Mvi kichwani, vumbi likimjaa masikioni. Jioni Nabwile alipommwagia maji ya kuoga hakuuliza lile vumbi limetoka wapi. Wekoye alikuwa amechoka kuishi, na mtu akichoka hivyo hata kulalamika kunamshinda.

Katika wiki hizo ndipo Wepukhulu alipowasili kwa bodaboda, na nyuma yake amefunga mtungi.

Ulikuwa mtungi mpya wa samawati. Ulikuwa na kifuniko cha kuzungusha, na chini ya kifuniko karatasi ya plastiki imekunjwa mara mbili. Wepukhulu aliuteremsha polepole, akakwepa macho ya shemeji yake, akakwepa na banda lililo tupu.

"Mama ametuma," alisema. "Ati ni ya kuanzia kulima."

"Hamkumwambia imeuzwa?" Nabwile aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dada, tungemwambia aje? Ako na presha. Tulisema trekta iko kwa fundi Kitale, itapona." Akamgeukia Wekoye. "Na shemeji, kuna kitu ingine. Ule mtungi wa zamani aliuchoma. Siku ile alikuona ukimwaga maji kwa ile kikombe. Aliona yote, akiwa kwa mlango. Juzi nilimsikia akikamua. Alikuwa anaambia ng'ombe, 'Wewe ng'ombe, umwambie huyo mtu anisamehe. Mimi sikujua gunzi inaretanga maji.'"

Nabwile akageuka kumtazama mumewe. Sasa alikuwa ameelewa kila kitu, uongo wa Naitiri na kimya chake tangu arudi Kitale, akaweka mkono mdomoni na kuanza kulia.

Wekoye akashika nguzo ya banda. Miezi yote alikuwa amejifungia na siri ile akidhani anamkinga mama, na mama naye amejifungia na siri hiyo hiyo kwenye zizi, akiuza maziwa upya kikombe kwa kikombe, kwa ajili ya trekta ambalo limekwisha yeyushwa. Hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuvuka ua na kusema neno moja tu.

Kisha akaenda kwenye boksi la spana, akatoa chupa ya soda. Akafungua mtungi, akaijaza, akaiinua juani, akafumba jicho moja. Walisimama wote watatu wakingoja. Hakuna kilichoshuka chini. Ilikuwa dizeli safi kuliko zote alizowahi kushika.

"Mwambie mama tumeshukuru," alimwambia Wepukhulu. "Mwambie mafuta ni mazuri sana. Mwambie trekta imeyanywa."

Akairudisha ile ya chupa ndani ya mtungi, akaubeba kwa mikono miwili, akauweka katikati ya banda, pale kwenye alama ya oili. Akakunja ile plastiki kama mama alivyoikunja, akarudisha kifuniko, akakikaza, akakijaribu tena kwa kiganja kama kimekaza, maji yasije yakaingia.